Kisa cha baiskeli ya umeme iliyopunguzwa uzito kwenye magurudumu: kilo tulizozitoa, spoku zilizokatika, na upepo tuliousahau

Kisa hiki ni cha kweli na kimetokea kwenye banda langu hapa Dar. Mwenye baiskeli amekubali nikiandike. Jina lake, kazi yake halisi na mtaa wake nimeviondoa, na vitu viwili vitatu vya kumtambulisha nimevibadilisha, ila vipimo ni vile vile nilivyoviandika kwenye daftari. Naandika kwa ajili ya mafundi wenzangu ambao baiskeli za umeme zimeanza kuwafikia, na kwa yeyote mwenye nayo anayefikiria kubadilisha magurudumu ili iwe nyepesi.

Mteja na baiskeli yake

Mteja ni dada wa miaka thelathini na kitu, kazi yake ni ya zamu, kwahiyo kuna siku anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kuna siku anarudi saa nne usiku. Anakaa upande wa Barabara ya Morogoro na kazini kwake ni katikati ya mji, kama kilomita 15 kwenda na 15 kurudi. Aliichoka daladala, akanunua baiskeli ya umeme ya mtumba kwa mtu aliyekuwa anahama nchi.

Baiskeli yenyewe ni ya magurudumu ya inchi 26, fremu ya alumini, mota ya wati 350 iko ndani ya habu ya nyuma (habu ni kile kitovu cha gurudumu), betri ya volti 36 na Ah 13 (ampea-saa) imekaa kwenye bomba la chini la fremu (ukizidisha 36 kwa 13 unapata wati-saa 468, hiyo ndo tanki lako la mafuta). Breki za diski mbele na nyuma. Matairi mapana ya 2.35, mazito, yale yenye mpira mnene wa kuzuia miba, na ndani tyubu nene pia.

Anakaa ghorofa ya tatu, jengo halina lifti. Chini hapawezi kulala baiskeli, washaibiwa watu, kwahiyo kila siku anaibeba mpaka juu. Ngazi 54, baadaye nilizihesabu mwenyewe.

Alichotaka, na nilichosikia mimi

Alivyofika bandani alisema hivi, nimeandika siku hiyo hiyo: "Fundi, mi shida yangu ni uzito. Nikitoka zamu ya usiku mikono haina nguvu, naibeba hii kitu napumzika kila ghorofa. Nimesikia magurudumu mepesi yanasaidia, na chaji itadumu zaidi."

Ukisoma taratibu utaona kuna shida mbili humo ndani. Moja ni mikono na ngazi, nyingine ni chaji. Mimi nikasikia neno moja tu, magurudumu, kwasababu ndo kazi niipendayo kuliko zote, kusuka ringi. Nikamwambia "dada inawezekana kabisa, kilo mbili zinatoka." Na kweli zilitoka. Lakini swali la msingi sikumuuliza, nitalifikia.

Tulivyopima

Hapa naona tulifanya vizuri. Kabla ya kufungua nati hata moja nilipima kila kitu kwa mzani wa kuning'iniza, ule wa wauza nyama, na vitu vidogo kwa mzani wa jikoni.

Baiskeli nzima kilo 25.8. Gurudumu la nyuma likiwa na kila kitu chake, yaani mota, ringi, spoku, tairi, tyubu, friwili (yale meno ya nyuma yanayoshika mnyororo) na diski, kilo 6.9, na humo mota peke yake ni 3.4. Gurudumu la mbele kilo 3.1. Tairi moja kilo 1.15, tyubu moja gramu 380, ringi moja gramu 820. Spoku zilikuwa zile nene za geji 12, unene wa milimita 2.6.

Kwenye daftari langu kuna mstari mwingine unasema hivi: "Betri: imefungwa, haijapimwa." Niliuandika nikaendelea na mambo mengine.

Pia nilimpa kifaa kidogo cha kuchomeka ukutani kinachohesabu umeme unaoingia kwenye chaja, nikamwambia apime siku tatu za kazi kabla hatujagusa kitu. Wastani ukawa wati-saa 392 kwa siku, kwenda na kurudi. Siku tatu ni chache, upepo wa baharini siku moja unakusukuma siku nyingine unakupiga usoni, kwahiyo namba hizi zichukue kama picha ya jumla.

Na nilipima upepo kwenye matairi, kwa PSI: 24 mbele, 26 nyuma. Ubavuni mwa tairi pameandikwa 30 mpaka 55. Hilo nalo nikaandika nikapita.

Tulichoamua na kwa nini

Mota hatukuigusa. Kilo 3.4 ni nyingi kweli, ila ukibadilisha mota unabadilisha na kontrola (kile kifaa kinachoiongoza mota), na unakuwa umenunua baiskeli nyingine. Habu ya mbele ilikuwa nzima, ikabaki. Kwahiyo kilichobaki kupunguza ni ringi, spoku, matairi na tyubu.

Ringi nikachagua za alumini za gramu 470, tundu 36 kama za zamani. Spoku nikaenda na geji 14, milimita 2.0, ndizo zinazopatikana Kariakoo siku yoyote. Matairi ya 26 kwa 1.5, gramu 620 kila moja, na tyubu za kawaida za gramu 180.

Kwa wasiojua, tairi jembamba linaingiaje kwenye baiskeli iliyokuja na pana: angalia ile namba ndogo ubavuni, ya zamani ilikuwa 60-559, mpya 40-559. 559 ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi, kwa milimita, hiyo lazima ifanane. Ya kwanza ni upana, hiyo unaweza kucheza nayo kidogo kutegemea na ringi. Matangazo yanasema "inchi 26" tu, na kuna zaidi ya aina moja ya inchi 26, watu wananunua tairi halikai.

Sababu ya kwenda wembamba vile ilikuwa gramu. Mteja alitaka kilo zitoke, nami nilikuwa nimeshaahidi mbili.

Kazi ilivyoenda

Gurudumu lenye mota halichomolewi kama la kawaida. Waya wa mota unapita ndani ya ekseli na unatokea pembeni pale pale kwenye nati, ukilaza baiskeli vibaya unaukwaruza na hapo umeua mota ya watu. Kuna pia washa zenye ulimi zinazozuia ekseli isizunguke kwenye fremu, mpangilio wake ukiukosea ekseli inakula fremu ya alumini taratibu mpaka siku inayoruka nje. Nilipiga picha kwa simu kila upande kabla sijafungua. Hii tabia naiomba kwa kila fundi.

Spoku za zamani sikuzikata. Nilizifungua moja moja nikazifunga fungu kwa kipande cha tyubu, na ringi ya zamani nikaining'iniza ukutani. Baadaye hilo ndilo lilituokoa.

Ringi mpya ilikuwa fupi kwa kina, kwahiyo spoku zikahitaji kuwa ndefu zaidi, nikapiga hesabu upya. Nikasuka nyuma kwa mtindo ule ule wa kiwandani na ule ule ninaosuka baiskeli zote, kila spoku inapishana na tatu. Nikanyoosha mpaka ringi haichezi hata nusu milimita. Nikafunga, nikajaza upepo 65 kama tairi jipya lilivyotaka.

Mzani: kilo 23.4. Zimetoka kilo 2 na gramu 360. Gharama yote pamoja na ufundi ilikuwa shilingi 410,000.

Dada alivyopanda akazunguka mtaa mara mbili akarudi anacheka, "fundi inaondoka kama imeachiwa kamba!" Na wiki ile kwenye kifaa cha ukutani wastani ukashuka kutoka 392 mpaka 338. Kwa kweli nilijisikia vizuri sana, nikawaonyesha watu zile namba.

Wiki ya tatu

Simu ya kwanza ilikuja siku ya 17. Kuna kitu kinagonga nyuma. Nilivyoangalia, spoku moja imekatika upande wa friwili, nikaiweka nyingine nikanyoosha. Siku ya 20, mbili kwa mpigo, na ringi imepinda mpaka inasugua fremu.

Katikati hapo akapata pancha mara mbili, zote za aina moja, matundu mawili yamekaa sambamba kwenye tyubu, kila moja upande wake. Hiyo siyo miba. Hiyo ni gurudumu limeingia shimoni au limegonga ukingo wa tuta, tairi likabonyea mpaka ringi ikaibana tyubu. Tairi jembamba juu ya baiskeli nzito ya umeme, na barabara zetu za pembeni, na mtu anarudi usiku haoni mashimo.

Pancha ya pili ilimkuta saa tano kasoro usiku. Ukiwa na mota nyuma huwezi kuchomoa gurudumu pembeni ya barabara kirahisi, unahitaji spana kubwa na kuchomoa waya. Aliisukuma karibu kilomita tatu, peke yake, mpaka alipopata bajaji iliyokubali kuipakia. Hilo limeniuma kuliko spoku. Mtu alinijia nimpunguzie mzigo nami nikamwongezea, na usiku ule lolote lingeweza kumpata.

Kurudi nyuma

Nikaamua ringi na spoku za zamani zirudi kwanza kwenye gurudumu la nyuma, kazi ya nusu siku kwasababu kila kitu kilikuwepo, na matairi mapana yarudi yote mawili na tyubu zake. Usalama kwanza, kilo baadaye. Safari hii matairi yale ya zamani niliyajaza upepo 50.

Baiskeli nikampelekea mwenyewe mpaka kwake, na nikasema acha niibebe nione. Kufika ghorofa ya pili nikaelewa anachosema. Mota iko nyuma kabisa, kwahiyo ukishika katikati ya fremu mkia unavuta chini, unageuka kwenye kona ya ngazi gurudumu linagonga ukuta. Nimefika juu nahema, nikamuuliza kitu ambacho nilipaswa kuuliza siku ya kwanza.

"Dada, kwa nini betri usiitoe ukaipandisha peke yake?"

"Kaka, ufunguo sijawahi kupewa. Aliyeniuzia alisema ameupoteza. Mi nikajua ndo inakaa hivyo hivyo."

Wiki iliyofuata tukalitoa lile kufuli. Lenyewe liko kwenye kishikio kilichofungwa kwenye fremu, haliko kwenye betri, ndo maana nilikubali kulitoboa. Biti ya dreli niliifunga tepu kwenye milimita 15 isizame zaidi, nikaziba vituo vya umeme kwa kitambaa ili unga wa chuma usiingie, nikaenda pole pole. Kama kufuli lako liko kwenye betri yenyewe usijaribu kabisa. Kufuli jipya na funguo mbili, 25,000. Betri kwenye mzani: kilo 3.1.

Mjengo wa pili

Spoku nilizozitaka sikuzipata mjini, zikaagizwa, wiki tano. Ni zile zenye milimita 2.3 pale kwenye kiwiko (pale spoku inapopinda kuingia kwenye habu) na 2.0 sehemu iliyobaki. Ringi ya nyuma nikachukua ya gramu 600, kuta mbili, tundu 36. Nikasuka kwa kupishana mara moja tu, na kila kiwiko nikakipa washa ndogo ya shaba ili kikae kwenye tundu bila kucheza. Nikishakaza nazikamua spoku mbili mbili kwa mkono kwa nguvu, gurudumu zima, halafu nanyoosha tena, narudia mpaka zisitoe tena mlio wa kujipanga. Mbele ile ringi nyepesi ya gramu 470 ilibaki, haikuwa na tatizo lolote, mbele hakuna mota.

Matairi tukakutana katikati, 50-559, yenye kinga ya miba ya wastani, gramu 780. Kwa baiskeli za umeme kuna matairi yenye alama ya E-25 au E-50 ubavuni, maana yake yamepimwa kwa baiskeli ya umeme mpaka kilomita 25 au 50 kwa saa. Nilichukua yenye alama hiyo. Tyubu za gramu 200.

Mteja alilipa vifaa tu, 190,000. Ufundi sikumdai.

Matokeo

Baiskeli nzima sasa kilo 23.9. Ukitoa betri, anachokibeba ni kilo 20.8 badala ya 25.8, na betri inaenda kwenye begi la mgongoni. Nilimshonea pia mkanda mpana kutoka bomba la juu mpaka karibu na kiti, anauvaa begani, mkia hauvuti tena. Anasema sasa anapumzika mara moja tu. Miezi minne imepita tangu mjengo wa pili, spoku hakuna iliyokatika, pancha moja, ya msumari.

Umeme wa ukutani: mwanzo 392. Magurudumu mepesi 338. Alivyorudishiwa matairi na gurudumu la nyuma vile vile vizito vya zamani, ila na upepo 50, wastani ukawa 352. Mjengo wa sasa 343.

Isome tena hiyo ya 352.

Uchambuzi: chaji ilitoka wapi

Mimi nilitangaza kwamba kilo mbili za magurudumu zimeokoa wati-saa 54. Yaliporudi matairi mazito na gurudumu zito la nyuma, kwa upepo sahihi, 40 kati ya hizo 54 bado zilikuwepo. Kwahiyo sehemu kubwa ya ule "wepesi" ilikuwa pampu. Nilibadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja, uzito na upepo, nikakipa sifa kile nilichokipenda.

Ningepiga hesabu kabla ningejua. Tufanye hapa. Kuna usemi kwamba uzito kwenye ringi ni sawa na mara mbili ya uzito kwenye fremu, na ni kweli, ila ni pale unapoongeza mwendo tu, kwasababu ringi inabidi isukumwe mbele na pia izungushwe. Ukishafika mwendo wako na kuushika, hiyo mara mbili haipo. Sasa kilo moja kwenye ringi kuifikisha kilomita 25 kwa saa inakula jouli kama 48. Kilo 2.36 ni jouli 114. Tuseme siku nzima anasimama na kuondoka mara 60, taa za Ubungo, Magomeni, vivuko vyote. Jumla haifiki jouli 7,000, yaani kama wati-saa 2 (wati-saa moja ni jouli 3,600). Weka na hasara za mota, 3. Kwenye matumizi ya 392!

Kupanda kilima je? Kila mita 100 za kupanda, kilo 2.36 zinakula kama wati-saa 0.6. Kidogo pia.

Sasa angalia mpira wa tairi unavyobonyea. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja na kujikunjua kila mzunguko na huo moto unatoka kwenye betri. Mtu na baiskeli na begi kilo 95, ukipunguza msuguano wa kuviringika kwa alama 0.004 tu, mfano kutoka 0.014 kwenda 0.010, unaokoa karibu wati-saa moja kwa kila kilomita. Kilomita 30, wati-saa 30 na kitu kwenye betri, na ukutani zaidi kwasababu chaja nayo inakula chake. Hizo ndo zile 40. Na muda wote huo kwenye daftari langu pameandikwa 24 na 26.

Kwahiyo anayetaka chaji idumu aanze na pampu yenye geji, halafu aina ya tairi, na gramu za ringi ziwe za mwisho kabisa. Mimi nilianzia mwisho.

Ila nisiwanyime haki magurudumu mepesi. Hisia aliyoipata dada ya baiskeli kuondoka haraka na kugeuka kirahisi ni ya kweli, hasa gurudumu la mbele, na mpaka leo anaisifia. Na kwa mtu anayebeba, gramu ni gramu. Shida ni pale unapoziuza kama chaji.

Uchambuzi: kwa nini spoku zilikatika

Jibu la haraka la kila aliyepita bandani lilikuwa "umeweka spoku nyembamba." Mi siamini hivyo, na nilizihifadhi zile tatu zilizokatika nikaziangalia kwa kioo cha kukuzia. Mahali spoku ilipokatikia panakwambia sababu.

Mbili zilikatika upande wa ringi, kwenye nyuzi, pale spoku inapoingia kwenye nati yake. Hii ni pembe mbaya. Habu yenye mota ni pana kama sahani, kwahiyo spoku ni fupi, na ukizipishanisha mara tatu zinafika kwenye ringi zimelala sana badala ya kuingia karibu wima. Nati haiwezi kugeuka kiasi hicho, spoku inapinda pale pale mlangoni, na kila mzunguko inapinda na kunyooka, inapinda na kunyooka. Siku 17, imekwisha. Mtindo wa kupishana tatu ni mzuri kwa habu ndogo ya kawaida, kwenye mota kubwa ndani ya ringi ya 26 ni kosa, na nililifanya kwa mazoea. Kiwanda nacho kilisuka hivyo hivyo, zile nene zilistahimili tu kwa unene.

Ya tatu ilikatika kwenye kiwiko, upande wa habu. Matundu ya ile mota yalichongwa kwa spoku ya 2.6, nami nikaweka ya 2.0, kiwiko kikawa kinacheza ndani ya tundu. Ndo maana mjengo wa pili una 2.3 na washa.

Sehemu ya katikati ya spoku bado ni milimita 2.0 na haijakatika hata moja. Spoku nene sana kwenye ringi nyepesi zina tatizo lake, hazivutiki, unazikaza mpaka ringi inalia lakini mvuto wenyewe hautoshi, zinalegea njiani na spoku iliyolegea ndo inayokufa. Ile ya wastani inavutika kidogo kama mpira na inabaki imekaza hata gurudumu likigonga shimo. Wembamba wa katikati haukuwa adui.

Uchambuzi: pesa

Hii inaniuma kuandika lakini ndo sababu ya kuandika. Magurudumu, mjengo wa kwanza na wa pili, shilingi 600,000, na mwisho wa siku zimebaki kilo 1.9. Ni zaidi ya shilingi 300,000 kwa kilo. Kufuli la betri 25,000 limeondoa kilo 3.1 mikononi mwake, kama shilingi 8,000 kwa kilo. Pampu yenye geji, sawa na nauli za siku chache.

Kama siku ya kwanza ningepanda naye zile ngazi 54 kabla ya kufungua mzani, tungeanza na kufuli, upepo na mkanda, tungekaa mwezi, halafu tungeangalia kama bado anataka magurudumu. Labda angetaka, labda lile la mbele peke yake. Sa hivi mteja wa baiskeli ya umeme akija na neno uzito namuuliza kwanza: unaibeba wapi, unaishikaje, betri inatoka? Na naomba kuona, siyo kuambiwa.

Vilivyofanya kazi pia vipo: kupima kabla, kutunza ringi na spoku za zamani, kurudi nyuma haraka bila kubishana na chuma, kifaa cha ukutani kilichotuumbua na zile namba. Bila hicho kifaa ningekuwa bado nahubiri kwamba ringi nyepesi zinaongeza chaji.

Kitu kimoja nje ya mada, ila nilikiona nyumbani kwake: alikuwa anachajia baiskeli koridoni mbele ya mlango wa kutokea. Sasa betri inatoka, inachajiwa mezani, mbali na kitanda na mbali na mlango, kwa chaja yake ile ile, na anaichomoa ikijaa.

Alivyorudi mara ya mwisho

Juzi amekuja kukaguliwa. Nikazigonga spoku zote 36 za nyuma kwa kucha, mbili zilikuwa na sauti nzito kuliko wenzake, nikazikaza robo mzunguko. Ekseli imetulia, washa ziko mahali pake, waya mzima. Halafu nikaweka geji kwenye tairi la nyuma: 31. Tulikubaliana 50. Akasema pampu ya jirani haina geji, anabonyeza kwa kidole. Nikampa ya bandani aondoke nayo, atairudisha akinunua yake.